Uthamini wa nyumba za makazi

Uthamini wa nyumba za makazi ni kazi ya kukadiria thamani ya nyumba na kiwanja chake kwa tarehe fulani, kwa ajili ya mauzo, mkopo, mirathi au fidia. Nchini Tanzania unaongozwa na Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016.

Katika mikoa ya Geita na Shinyanga, yenye migodi ya dhahabu kama Geita na Bulyanhulu, wanakijiji wengi humwona mthamini pale tu ardhi yao inapotwaliwa. Mauzo yaliyoandikwa kijijini ni machache, hivyo ni vigumu kulinganisha bei. Badala yake hukadiriwa gharama ya kujenga nyumba kama hiyo leo, kisha hupunguzwa uchakavu. Hapo ndipo malalamiko huanzia: nyumba kuukuu ya matofali ya udongo hupata thamani ndogo, na huenda mwenyewe asiweze kujenga nyingine kwa fedha hiyo. Posho za usumbufu, usafiri na makazi huongezwa juu yake.

Fidia hutakiwa kulipwa ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu aidhinishe. Ikichelewa huongezwa riba. Miaka 2 ikipita bila malipo, uthamini hukoma na mali hupimwa upya.