Kinachoichosha Paladi Ndani ya Ekzosi

Gesi asilia ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004, karibu yote ni methani. Ikiungua sawasawa hutoa hewa ukaa kidogo kuliko makaa ya mawe. Lakini injini za pistoni zinazotumia gesi huacha sehemu yake ipite kwenye silinda bila kuungua, na hapo ndipo penye hasara: katika miaka 20, tani moja ya methani huipasha dunia joto takribani mara 80 kuliko tani ya hewa ukaa.

Dawa iliyopo ni kichocheo. Ndani ya ekzosi hufungwa kipande cha kauri chenye matundu kama sega la nyuki, na kuta zake hupakwa alumina iliyobeba chembe ndogo mno za metali iitwayo paladi. Juu ya chembe hizo methani huungana na oksijeni bila kuhitaji joto kali la moto. Platini, maarufu kwenye magari ya dizeli, haifui dafu hapa, maana methani ni ngumu kuvunjika kuliko haidrokaboni nyingine zote.

Shida ni kwamba moshi uleule unaosafishwa ndio unaoidhoofisha paladi.

Kwanza kuna mvuke wa maji, ambao mara nyingi hufikia asilimia 10 ya moshi, kwa kuwa hidrojeni ya methani ikiungua huwa maji. Mvuke huo hukalia nafasi ambazo methani ingezifikia. Athari yake huonekana zaidi chini ya nyuzi joto 450 za Selsiasi. Joto likipanda, maji huachia.

Salfa haiachii kirahisi hivyo. Hutoka kwenye oili ya injini, na pia kwenye dawa ya harufu inayotiwa katika gesi ili ikivuja inuswe. Ikiungua huwa salfa dioksaidi, nayo hugeuza paladi kuwa salfeti. Sehemu moja tu katika milioni ya moshi inatosha kukidhoofisha kichocheo ndani ya saa chache. Alumina hunyonya kiasi cha sumu hiyo na kuchelewesha madhara, lakini haiyazuii. Moshi ukiwa na oksijeni nyingi, salfeti hung'oka kwa joto linalozidi nyuzi 600, ambalo ekzosi nyingi za injini hizi hazilifikii. Badala ya kutegemea joto hilo, mafundi wanaweza kuifanya injini ipate hewa kidogo kwa muda mfupi. Moshi ukikosa oksijeni, salfa huondoka kwa joto la chini zaidi.

Kuna mtego mwingine. Kichocheo kilichochoka bado huweza kuunguza monoksidi ya kaboni vizuri, kwa sababu hiyo ni kazi rahisi. Anayepima gesi hiyo peke yake ataamini mambo ni shwari huku methani ikipita. Kwa hiyo anayenunua kichocheo asiridhike na majaribio ya gesi safi na kavu: adai matokeo ya moshi wenye maji na salfa baada ya maelfu ya saa, na methani yenyewe ipimwe kwenye ekzosi mara kwa mara.