SOMO LA REDIO KWA WATU WAZIMA: NYOKA NDANI YA SANDUKU

MWALIMU: Leo wekeni kalamu chini kwanza, msikilize. Mwisho wa somo tutaandika.

Mama mmoja wa darasa la jioni ametuletea barua. Ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, nasi twampa hongera. Asema mwanawe anakaa Marekani, naye hufuga nyoka nyumbani kama watu wengine wafugavyo paka. Sasa kijana ataka kumpelekea rafiki yake nyoka mmoja, katika jimbo jingine la nchi ile. Mama auliza: Nyoka hupelekwaje? Mama huyo tunaye hapa leo. Karibu, mama.

MAMA: Ahsante, Mwalimu. Habari hii imeninyima usingizi. Mwanangu asema nyoka wake ana sumu kidogo tu. Sumu kidogo ndiyo sumu gani?

MWALIMU: Umeuliza vema. Nyoka anayefugwa sana Marekani, mwenye sumu ya namna hiyo, ana pua iliyobinuka juu kama pua ya nguruwe. Kwao ni nchi za majani katikati ya Marekani. Wataalamu humwita Heterodon nasicus. Kumbukeni jina hilo, tutalirudia.

Huyu hana meno ya sumu mbele ya kinywa, kama swila au kifutu. Meno yake marefu yako nyuma ya taya. Ili mate yake yaingie mwilini mwa mtu, hana budi kung'ang'ania na kutafuna. Porini hula vyura. Akitishwa, hujifanya amekufa: hulala chali, kinywa wazi, ulimi nje. Akimwuma mtu, mkono waweza kuvimba na kuuma kwa siku kadhaa. Hakuna habari ya mtu aliyekufa kwa kuumwa naye.

MAMA: Basi nimepoa. Hofu ya nini tena?

MWALIMU: Polepole, mama. Sikiliza kisa hiki cha kweli.

Mwezi wa Septemba mwaka 1957, bustani ya wanyama ya Lincoln Park mjini Chicago ilimpeleka nyoka mdogo kwenye jumba la makumbusho la mji huo. Walitaka ajulikane ni nyoka wa namna gani. Huko alikuwako bwana Karl Patterson Schmidt, mtaalamu mkubwa wa nyoka, mwenye miaka 67. Alipomshika ili amtazame, nyoka akamwuma kidole gumba. Jino moja tu ndilo lililoingia vizuri, milimita 3 hivi. Bwana Schmidt hakuona kuwa ni jambo kubwa. Alirudi nyumbani, akawa anaandika katika daftari yote yaliyompata. Kesho yake alasiri akafariki.

Nyoka yule alitoka Afrika. Jina lake boomslang, neno la Kiafrikaans, maana yake nyoka wa mti. Hata Kenya na Tanzania yupo. Naye pia meno yake ya sumu yako nyuma. Siku zile wengi hawakudhani kwamba nyoka mdogo wa namna hiyo aweza kumwua mtu mzima. Leo twajua kwamba sumu yake huizuia damu isigande, na mtu hutoka damu ndani ya mwili.

MAMA: Maskini! Na mtaalamu mwenyewe!

MWALIMU: Ndiyo, mama. Nyoka wa mwanao si yule. Lakini fundisho ni hili: nyoka wawili waweza kuwa na meno mahali pamoja, na sumu zao zikawa mbalimbali kabisa. Kwa hiyo mwenye kutuma nyoka, kazi yake ya kwanza ni kujua jina lake. Kazi ya pili ni kuliandika jina hilo wazi juu ya sanduku. Mpagazi, dereva na karani hawakumwona nyoka akiingia. Wao wanalo lile karatasi tu. Karatasi ikisema uongo, wao ndio watakaoumia.

Sasa tutazame sheria ya Marekani.

Kwanza, posta. Posta ya Marekani haipokei nyoka yeyote, awe na sumu au asiwe nayo. Kijana asijaribu kumficha ndani ya kifurushi.

Pili, makampuni ya mizigo. Kila kampuni ina masharti yake. Nyingine hukataa nyoka wote. Nyingine hupokea, lakini kutoka kwa watu waliopewa idhini tu, nazo hukataa wenye sumu. Ndiyo sababu ni lazima kuuliza mapema, kutaja jina la nyoka, na kusema wazi kwamba ana sumu kidogo. Wakikataa, wamekataa. Njia nyingine ni kumpeleka kwa ndege ya mizigo, kama shirika la ndege litakubali. Mashirika hayo yana kanuni maalum za kuchukua wanyama hai.

Tatu, sheria iitwayo Lacey, ya mwaka 1900. Sheria hii yakataza kumvusha mnyama mpaka wa jimbo ikiwa amepatikana au amechukuliwa kinyume cha sheria. Hata mnyama aliyezaliwa nyumbani mwa mfugaji huhesabiwa. Tena yataka sanduku liandikwe wazi kilichomo. Kuandika uongo ni kosa, na adhabu yake ni faini au kifungo.

Nne, sheria za majimbo. Kijana aulize jimbo lake na jimbo la rafiki yake. Mahali pengine nyoka mwenye sumu, hata kidogo, hutakiwa kibali. Na visiwa vya Hawaii havikubali kabisa nyoka wa kufugwa. Faini yao yaweza kufika dola 200,000.

MAMA: Mbona ukali namna hiyo?

MWALIMU: Kwa sababu ya yaliyokipata kisiwa cha Guam, katika Bahari ya Pasifiki. Baada ya Vita Kuu ya Pili, nyoka wa miti, rangi ya udongo, aliingia huko akiwa amejificha katika shehena. Yeye naye ni mwenye sumu kidogo. Hakuna aliyemtuma, wala hakuna aliyemwona. Akazaana mpaka akajaa kisiwa. Katika namna 12 za ndege wa asili wa msituni, 10 zikatoweka. Hata leo nyoka hao hupanda nyaya na kuzima umeme. Hawaii wameliona la jirani, wakatia maji lao.

Haya, sasa tufunge sanduku letu. Fuateni hatua hizi.

1. Nyoka asile kwa muda wa juma moja kabla ya safari. Akiwa ameshiba atatapika njiani, na aweza kufa. Nyoka mzima wa afya hudhuriki kidogo tu kwa njaa ya siku hizo.

2. Atiwe katika mfuko safi wa kitambaa kizito, kama amerikani. Mishono iwe upande wa nje, nyuzi zisimsonge. Mdomo wa mfuko ukunjwe na kufungwa imara. Kwa nyoka mwenye sumu, mfuko huo utiwe ndani ya mfuko wa pili. Usiushike karibu na mwili wako, maana nyoka aweza kuuma kupitia kitambaa.

3. Mifuko itiwe ndani ya chombo kigumu chenye matundu madogo na kifuniko kinachofungika. Hapo liwekwe karatasi lenye jina la nyoka na onyo la sumu.

4. Chombo kitiwe ndani ya sanduku lililozungushiwa kizuia joto na baridi. Nafasi zijazwe karatasi zilizofinyangwa, kitu kisitikisike. Bakuli la maji lisiwekwe, kwa maana litamwagika.

5. Wakati wa baridi huwekwa kifuko cha joto. Ndani yake mna unga wa chuma unaopata moto ukikutana na hewa. Kisimguse nyoka, wala sanduku lisizibwe hewa. Siku za baridi kali au joto kali, safari iahirishwe.

6. Juu ya sanduku yaandikwe haya: mnyama hai, jina la kawaida na jina la kitaalamu, idadi, majina na simu za anayetuma na anayepokea.

7. Sanduku liondoke mwanzo wa juma, kwa njia ya kufika kesho yake. Likiondoka Ijumaa laweza kulala ghalani siku mbili.

Rafiki naye ana wajibu. Awepo mwenyewe kupokea. Alifungue sanduku peke yake, mbali na watoto, juu ya chombo kirefu, akitumia fimbo ya ndoano. Akiumwa, avue pete, aoshe jeraha, aende hospitali na kutaja jina la nyoka. Asichanje, asifyonze, asifunge kamba.

MAMA: Na sisi huku je, Mwalimu?

MWALIMU: Huku kwetu mgeni aweza kuja kijijini akasema, "Nikamatieni nyoka wa mti, nitawalipa." Au mtu aweza kukupa kituoni sanduku lililofungwa, uliweke chini ya kiti chako ndani ya basi. Kumkamata mnyama wa porini na kumpeleka ng'ambo bila kibali ni kosa. Tanzania ina sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009, na Kenya ina ya mwaka 2013. Nchi zote mbili zimo pia katika mapatano ya CITES ya mwaka 1973, yanayosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kwa hiyo uliza mna nini ndani. Soma karatasi. Kama hakuna karatasi, usilibebe.

MAMA: Nitamwandikia mwanangu usiku huu.

MWALIMU: Mwandikie, mama. Ndiyo faida ya kujua kusoma na kuandika. Wasikilizaji, chukueni kalamu sasa. Kwa herini mpaka juma lijalo.

MASWALI
1. Meno ya sumu ya nyoka wa mama yako wapi?
2. Kwa nini bwana Schmidt hakuona hatari?
3. Nani huumia karatasi ya sanduku ikisema uongo?
4. Andika karatasi ya kubandika juu ya sanduku la nyoka mmoja. Usisahau majina yake mawili.