KUKANDA KIWELE NI KAZI YA KUFUNDISHWA

Katika vibanja vya Karagwe na Kyerwa ng'ombe wa maziwa hutazamiwa kwa mambo mawili: maziwa yanayoingia nyumbani asubuhi na jioni, na samadi inayorudi kwenye migomba na mibuni. Kwa sababu hiyo ng'ombe anapoharibikiwa kiwele hasara haiishii ndooni. Mwanachama aliyezoea kuuza lita chache kwa jirani huanza kutafuta fedha za dawa. Dawa zisipofaa humuuza ng'ombe kwa mchinjaji, na samadi ikaondoka pamoja naye. Hapana budi ikumbukwe kwamba kiwele cha ng'ombe kimegawanyika sehemu nne, na kila sehemu ina chuchu yake na tezi zake za maziwa zisizoingiliana na za jirani yake. Sehemu moja ikishakufa kwa ugonjwa hairudi tena, nazo tatu zilizobaki hazilipi kikamilifu pengo lake.

Sehemu kubwa ya hasara hii ingeweza kuzuiwa kwa kitu ambacho kila mfugaji anacho, yaani mikono yake. Lakini mikono isiyofundishwa hukamua tu. Mikono iliyofundishwa hukanda, hupima na hutambua, na ndiyo inayohitajika katika vyama vya msingi.

Katika nchi nyingine kukanda wanyama kumekuwa kazi kamili yenye shule na vyeti. Huko Marekani, Jack Meagher, aliyekuwa mkandaji wa wanamichezo, alitumia ujuzi huo kwa farasi wa mashindano, na mwaka 1985 alitoa kitabu cha kueleza jinsi misuli ya farasi inavyoumia na inavyokandwa. Tangu wakati huo wengi wamejifunza kazi hiyo, wakaanza kuwakanda hata mbwa. Karagwe haikuwa nchi ya farasi. Mbung'o, pamoja na ule ugonjwa wa farasi uenezwao na visubi, vimewazuia wanyama hao kustawi katika sehemu kubwa ya Afrika ya kati na mashariki. Hata hivyo msingi wa kazi yenyewe ni ule ule: mkono hujifunza kwanza nyama yenye afya ilivyo, ndipo huweza kutambua iliyougua.

Wala jambo hili si geni kwa wafugaji wa hapa. Wachungaji wa ng'ombe wa Ankole, wale wenye pembe ndefu, tangu zamani humwachia ndama anyonye kidogo kwanza, kisha humsimamisha karibu na mama yake, na mkamuaji humpapasa ng'ombe huku akimwita kwa jina. Baadhi ya watu waliosoma waliliona jambo hilo kuwa desturi tu. Elimu imeonyesha baadaye kwamba wachungaji walikuwa na haki.

Maziwa hayakai ndani ya kiwele kama maji ndani ya mtungi. Sehemu kubwa imo ndani ya vifuko vidogo sana, na haiwezi kutoka mpaka vifuko hivyo vibanwe. Chuchu zinapopapaswa au zinaponyonywa, habari hupelekwa kwenye ubongo, nao hutoa kichocheo kiitwacho oksitosini. Kichocheo hicho husafiri kwa damu na hufika kwenye kiwele baada ya muda wa dakika moja hivi. Hapo vifuko hubanwa na maziwa hushuka. Nguvu yake haidumu. Baada ya dakika tano hadi nane hupungua, na maziwa yaliyosalia hubaki juu. Mkamuaji anayeanza kukamua papo hapo bila kukanda hupoteza mwanzo, na yule anayekanda kisha akaenda kutafuta ndoo hupoteza mwisho.

Hofu nayo hufunga maziwa. Mwaka 1941 wataalamu wawili wa Marekani, Ely na Petersen, walieleza majaribio waliyoyafanya, ambamo ng'ombe walitishwa wakati wa kukamuliwa kwa kupasuliwa mifuko ya karatasi iliyojazwa hewa na kwa kuwekewa paka mgongoni. Maziwa hayakushuka ipasavyo. Mtu aweza kulicheka jaribio hilo, ila fimbo inayotumika katika mazizi mengine wakati wa kukamua hufanya kazi ile ile ya paka. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa mnyama, kwa hiyo hasara hiyo ni ya mfukoni na ya kisheria pia.

JINSI YA KUKANDA

Mkamuaji hukata kucha na hunawa mikono kwa sabuni. Huchukua kitambaa safi na maji ya uvuguvugu. Ikiwa ng'ombe ni wawili au zaidi, kila mmoja yampasa kuwa na kitambaa chake, kwa kuwa kitambaa kimoja kwa wote ndicho mara nyingi kinachobeba ugonjwa kutoka chuchu hadi chuchu. Hufuta chuchu na sehemu ya chini ya kiwele, kisha hukausha. Kiwele kilicholowa hutiririsha uchafu hadi kwenye ndoo. Ndipo huweka viganja viwili pande mbili za kiwele na kukikanda polepole kwa nusu dakika hivi, akitoka juu kushuka kuelekea chuchu, bila kubinya kwa ncha za vidole.

Michirizi miwili au mitatu ya kwanza ya kila chuchu haiingizwi ndooni wala haimwagwi sakafuni. Hukamuliwa ndani ya kikombe kilichofunikwa kitambaa cheusi. Juu ya weusi huo mabonge madogo, maji maji au damu huonekana mara moja, ilhali ndani ya ndoo nyeupe yangefichika. Kisha hukamua kwa ngumi, akifunga vidole kimoja baada ya kingine kutoka juu ya chuchu, wala havuti kwa kidole gumba na cha shahada, maana mvuto huo huumiza mfereji wa chuchu kwa ndani. Akiwa na ng'ombe mgonjwa humkamua mwisho wa wote.

Baada ya kukamua chuchu huchovywa katika dawa ya aidini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, naye ng'ombe hupewa majani mapya ili abaki amesimama kwa nusu saa au zaidi. Tundu la chuchu huwa wazi kwa muda huo, na ng'ombe akilala kwenye samadi vijidudu huingia.

Jambo gumu la kujifunza si mwendo wa viganja, bali ni kukumbuka. Mkono wapaswa kujua joto la kiwele cha ng'ombe huyu jana lilikuwaje, sehemu ipi kwa kawaida ni kubwa kuliko nyingine, na wapi pana ugumu wa zamani usio na madhara. Kwa hiyo mwanafunzi huanza na ng'ombe mwenye afya, naye humkanda asubuhi na jioni kwa majuma kadhaa kabla ya kuonyeshwa mgonjwa. Anayeanza na mgonjwa hujifunza ugonjwa mmoja tu. Aghalabu wanaojifunza upesi ni akina mama na vijana ambao tayari hukamua kila siku, na si vema chama kumpeleka mafunzoni mwenye nyumba ambaye hajagusa chuchu kwa miaka kumi.

Upo pia ugonjwa wa kiwele uliofichika, ambao mkono na jicho haviutambui. Kwa huo kuna kipimo kilichoanzishwa California mwaka 1957: maziwa ya kila chuchu huchanganywa na dawa katika kisahani chenye vyumba vinne, na yakiwa na ugonjwa huvutika kama uji mzito. Bwana Mifugo aweza kumwonyesha mwanachama namna ya kukitumia kwa muda mfupi.

PALE MKONO UNAPOSAIDIA, NA PALE UNAPODHURU

Mtamba anayekaribia kuzaa kwa mara ya kwanza mara nyingine huvimba kiwele hata mbele ya kitovu. Ukibonyeza kwa kidole shimo hubaki kwa muda. Hakuna moto wala maumivu makali. Uvimbe huu hupungua kwa kukandwa kutoka chini kwenda juu, kuelekea mwilini, kwa dakika kumi hadi ishirini mara mbili kwa siku. Ndama aliyezaliwa mlegevu husuguliwa kwa nguvu kwa majani makavu, kama ambavyo mama yake angemlamba, baada ya kuondolewa ute puani. Kisha hupewa dang'a ndani ya saa za mwanzo. Ng'ombe aliyeanguka baada ya kuzaa kwa homa ya maziwa anahitaji sindano ya madini ya chokaa kutoka kwa mtaalamu. Akisubiriwa mtaalamu, ng'ombe huwekwa akae juu ya kifua, hugeuzwa kila baada ya saa chache kutoka ubavu huu hadi ule, na miguu ya nyuma husuguliwa, kwa kuwa uzito wake mwenyewe huiua misuli iliyolaliwa. Asinyweshwe kitu kwa chupa, maana asiyeweza kumeza vizuri huingiza maji mapafuni.

Kiwele chenye moto, chekundu na chenye maumivu makali hakikandwi kwa nguvu. Hukamuliwa taratibu mara nyingi ili kutoa uchafu, na mtaalamu huitwa siku hiyo hiyo. Kikiwa cha baridi na rangi yake imegeuka kuwa ya samawati, kisisubiri hata saa moja.

Tezi zilizovimba chini ya sikio au mbele ya bega pamoja na homa ni dalili za ndigana kali, ugonjwa uletwao na kupe. Tezi hizo hazitibiwi kwa kukandwa, wala kwa kuchomwa chuma cha moto kama ilivyo desturi ya baadhi ya wafugaji. Vidudu vyake vimo katika damu na tezi za mwili mzima, na kila siku inayopotea kwa kukanda hupunguza nafasi ya dawa kufaulu. Ndama au mtamba aliyenona akivimba ghafula paja au bega, na uvimbe ukatoa sauti ya kukwaruza chini ya kiganja, huenda ni chambavu. Aliyekufa ghafula huku damu isiyoganda ikimtoka puani au kwingine asiguswe wala asipasuliwe, kwa hofu ya kimeta. Ng'ombe aliyetupa mimba naye asishikwe kwa mikono mitupu, na maziwa yake yachemshwe, kwa kuwa ugonjwa wa brusela humwingia mwanadamu.

MAFUNZO NA SHERIA

Hapa nchini mfugaji hana haja ya kutafuta cheti cha kukanda peke yake. Ujuzi huo umo ndani ya masomo ya afya na uzalishaji wa mifugo yanayotolewa na Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA, na mojawapo ya vyuo vyake kiko Kikulula, wilayani Karagwe. Kwa wanachama wa Karagwe, na wa Kyerwa iliyokuwa sehemu ya wilaya hiyo hadi mwaka 2012, hii ni bahati ambayo vyama vya mikoa mingi havina. Katibu wa chama aweza kuandika barua kwa chuo au kwa ofisi ya mifugo ya wilaya kuuliza mafunzo ya muda mfupi, na chama kikachagua wawili watakaorudi kuwafundisha wenzao zizini.

Ieleweke kwamba aliyefundishwa hivyo si daktari. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka anayetibu mifugo awe amesajiliwa au ameandikishwa kulingana na elimu yake. Mkandaji akianza kuuza sindano amevunja sheria, na mara nyingi pia ameharibu dawa, kwa kuwa dozi pungufu huwazoesha vijidudu.

Kwa vyama vinavyokusanya maziwa pamoja lipo jambo moja zaidi. Maziwa ya ng'ombe aliyetiwa dawa ya kiwele hayauzwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti ya dawa ziishe. Mwanachama mmoja akiyamimina katika pipa la wote, mtindi unaweza kukataa kuganda na shehena nzima ikarudishwa. Daftari la zizi lenye jina la ng'ombe, tarehe, chuchu iliyougua, dawa aliyopewa na siku ambayo maziwa yake yataruhusiwa latosha kuzuia jambo hilo, na Katibu ana haki ya kuliomba kabla ya kupokea ndoo.