Barua Mia Mbili

Tuseme upepo umeezua paa la darasa katika shule moja ya Goma. Mwalimu mkuu ataka kuwaandikia marafiki 200 wa shule, wengi wao wakaa Ubelgiji, awaombe msaada wa mabati. Lakini fedha za tembre ni chache. Barua zikiwa nzito, fedha zitakwisha kabla ya barua ya mwisho.

Posta haitazami uzuri wa maneno. Hutazama uzito, umbo na anwani. Katika nchi nyingi hatua ya kwanza ya uzito ni gramu 20; barua ikizidi hapo hata kidogo, hulipiwa bei ya hatua ya pili. Basi pigeni hesabu. Karatasi ya A4 ya kawaida ina gramu 5. Bahasha yake nayo ina kama gramu 5. Karatasi tatu na bahasha zafika 20. Mwalimu akitia na picha ya darasa, mizani yapita, tena si mara moja bali mara 200! Yafaa aandike pande zote mbili za karatasi moja, na picha ipigwe chapa papo hapo.

Watu wa kale waliyajua haya. Huko Uingereza, kabla ya mwaka 1840, posta ilihesabu karatasi na umbali, na bahasha ilihesabiwa kama karatasi nyingine. Kwa hiyo watu walikunja barua yenyewe na kuifunga kwa nta. Wengine walijaza ukurasa, wakaugeuza, wakaandika tena juu ya mistari ya kwanza. Maskini msomaji wake! Mwaka 1840 Rowland Hill alileta bei moja ya peni kwa nusu aunsi, popote nchini.

Umbo nalo lina kazi. Karatasi ya A4 ikikunjwa mara tatu huingia katika bahasha ya milimita 220 kwa 110. Hiyo hupita upesi katika mashine zinazosoma anwani huko Ulaya. Bahasha ya mraba hupendeza macho, lakini mashine haijui upande wake wa juu. Kipini cha chuma ndani yake ni kibaya zaidi. Barua kama hizo hutolewa kando, zingoje mkono wa mtu.

Yabaki anwani ya kurudishia majibu. Aandikaye «Congo» tu amesahau kwamba nchi za jina hilo ni mbili, na barua yaweza kwenda Brazzaville. Jina la nchi liandikwe lote, kwa herufi kubwa, mstari wa mwisho. Hapa Goma pana jambo jingine: kwa miaka mingi mashirika kadhaa ya mji yalikodi sanduku la posta Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Mjumbe alivuka kwa miguu kuchukua barua. Mwalimu akitumia sanduku la namna hiyo, mstari wake wa mwisho ni RWANDA.