Pampu Haishushi

Leo, ndugu msikilizaji, nataka tuzungumze habari za trekta. Najua wengi wenu mko mjini, na trekta mnalolijua ni lile linalovuta tela la mchanga na kuwaudhi wenye magari. Lakini najua pia kwamba siku hizi mtu wa mjini mwenye shamba lake huko kwao, au mwenye shule, au mwenye nyumba ya wageni mlimani, haoni tabu kwenda kuulizia trekta dogo lililotumika kutoka Japani. Linashushwa bandarini Dar es Salaam likiwa na rangi yake nzuri, nguvu za farasi 20 au 30 hivi, na maandishi ya Kijapani kila mahali. Kitabu cha maelekezo mara nyingi hakimo, na kikiwamo nacho ni cha Kijapani.

Mwaka jana, mwezi wa Aprili, nilikuwa Lushoto. Kwa asiyepajua, unaiacha barabara kuu pale Mombo, kwenye joto na mkonge, unapanda kiasi cha kilometa 33 ukingoni mwa korongo, unapita Soni penye maporomoko ya maji, hadi unafika mji ulio karibu meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani walipouita Wilhelmstal walikuwa wanatafuta baridi, na baridi waliipata. Milima ya Usambara kwa kweli si nchi ya trekta. Mashamba ya Wasambaa yamelala ubavuni mwa mlima, na jembe la mkono ndilo linalofika huko. Ila penye viwanja vya shule, vya misheni na vya nyumba za wageni, majani wakati wa masika huota mtu akiyatazama, na hapo ndipo trekta dogo lenye fyekeo nyuma linapopata kazi.

Nilifikia kwa jamaa yangu anayetunza kiwanja kimoja cha namna hiyo. Sitakitaja jina. Nilikuta trekta limesimama siku ya nne, fyekeo likiwa juu, limening'inia nyuma kama mkia wa jogoo, na halishuki. Injini inawaka vizuri. Mkono wa kunyanyulia unasukumwa mbele, unavutwa nyuma, fyekeo liko pale pale. Fundi mmoja alikuwa amekwisha kuitwa, akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema pampu ya haidroliki imekufa. Jamaa yangu alikuwa ameshapiga simu Dar es Salaam kuulizia pampu, na bei aliyotajiwa ilimfanya atafute mahali pa kukaa.

Hapo nami nikajifanya mjuzi. Nikasema huenda kutu imeshika maungio, maana ukungu wa Lushoto na chuma si marafiki. Nikamwambia kijana mmoja wa pale aingie chini agonge kwa nyundo. Kijana wa watu, mtiifu, akalala chali juu ya majani mabichi, kifua chake kikiwa sawasawa chini ya visu. Aligonga mara mbili. Mara ya tatu hakugonga, kwa sababu mzee mmoja aliyekuwa anapita njiani alipaza sauti: "Toka hapo! Toka kwanza, maneno baadaye!"

Kijana akatoka. Nilimwamkia mzee shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama usoni. Baadaye nilielezwa kwamba aliendesha matrekta miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge huko chini, upande wa Korogwe. Aliagiza magogo mawili ya mkaratusi, yakawekwa chini ya fyekeo, moja kila upande. Akazima injini, akachomoa ufunguo akautia mfukoni mwake. Mkono wa kunyanyulia akauacha mbele kabisa, upande wa kushusha. Ndipo akainama mbele ya kiti, akapapasa kwenye matope na majani makavu, akapata kifundo cha kuzungusha, ukubwa wake kama limau. Akakizungusha upande wa kushoto, robo ya duara, halafu nusu.

Fyekeo likaanguka juu ya magogo kwa kishindo. Magogo yakatikisika, yakatulia.

Hakuna aliyesema neno. Jamaa yangu alitazama simu yake. Kijana alitazama magogo. Mimi nilikuwa natazama pale alipokuwa amelala.

"Pampu haishushi, mwanangu," mzee alisema. "Pampu inapandisha tu. Kushuka ni uzito."

Maneno hayo, msikilizaji, ndiyo yaliyonifanya nichague mada hii, na nitayaeleza polepole, kwa sababu anayeyaelewa haibiwi kwa urahisi na wala hauawi kwa urahisi.

Haidroliki ni nini? Ni kutumia kitu cha majimaji kubeba mzigo. Mfaransa Blaise Pascal, katika karne ya 17, alieleza kwamba ukisukuma maji yaliyofungiwa chomboni, msukumo huo unafika kila upande bila kupungua. Oili haikubali kubanwa ikawa ndogo. Ukiisukuma kwenye silinda yenye pistoni, pistoni haina budi kusogea. Tuseme pampu inatoa msukumo wa kilo 130 katika kila sentimeta moja ya mraba, na pistoni ina uso wa sentimeta za mraba 30. Zidisha mwenyewe: ni karibu tani nne, kutoka kwenye kitu unachoweza kukibeba kwa mkono mmoja. Pistoni inazungusha shafti, shafti inanyanyua mikono miwili ya nyuma, na mikono inanyanyua fyekeo. Mpango huo wa kushika zana kwa pointi tatu na kuinyanyua kwa oili ulienezwa duniani na Harry Ferguson, mtu wa Ireland, ambaye trekta lake dogo la kijivu, TE20, lilitengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1946 hadi 1956, zaidi ya matrekta laki tano. Hayo ya Kijapani ni wajukuu zake.

Sasa, wakati wa kushusha, hakuna anayesukuma. Mkono wa kunyanyulia unafungua mlango mdogo, yaani valvu, na uzito wa fyekeo wenyewe unaikamua oili irudi kwenye tangi. Ndiyo maana lile la Lushoto lilishuka injini ikiwa imezimwa. Na kwenye njia hiyo ya kurudia, watengenezaji wameweka kile kifundo. Ukikifungua sana, zana inashuka haraka. Ukikipunguza, inashuka taratibu. Ukikifunga kabisa, oili imefungwa jela, na zana itabaki juu hata ukiusukuma mkono hadi kesho. Kwa hiyo fyekeo lililobaki juu halina ugomvi na pampu. Fundi aliyesema pampu imekufa alitakiwa ajiulize swali moja tu: aliyelipandisha juu ni nani?

Lililonitisha zaidi ni hili. Fyekeo lile lilikuwa limeshikwa na oili peke yake. Nyundo yangu ingeweza kulegeza kitu, kijana mwingine angeweza kukigusa kifundo kwa mguu akipanda kitini, au mpira wa sili ungeweza kukata tamaa siku ile ile. Oili haitoi taarifa. Zana iliyoinuliwa haiingiwi chini mpaka imewekewa magogo au stendi za chuma, injini imezimwa, na ufunguo uko mfukoni mwa anayeingia. Tena mfukoni mwake yeye, si wa mwenzake.

Je, kama fyekeo halishuki na kifundo kiko wazi? Weka magogo, halafu tazama pini za kufungia zinazotumika safarini, huenda mtu amesahau kuchomoa moja. Tazama majani yaliyoganda kwenye maungio, maana majani ya masika yakikauka pamoja na matope huwa kama udongo wa kufinyangia. Halafu fuata ule mkono wa kunyanyulia kwa macho mpaka unapoishia. Mara nyingi kijipini cha senti chache kimechomoka, mkono unakwenda na kurudi, lakini valvu haina habari.

Ugonjwa wa pili ni kutopanda, na huu ndio wenye mambo mengi. Hapa tumia masikio kabla ya spana. Vuta mkono wa kupandishia. Ukisikia mlio mkali, kama wa kuku aliyebanwa mlangoni, shukuru: pampu ni nzima, inasukuma, na oili inapitia kwenye valvu ya usalama kwa sababu haina pengine pa kwenda. Basi kitu kimeshika, au mzigo umezidi. Usiendelee kuubana huo mlio, unapasha oili moto bure. Lakini ukivuta mkono na kukawa kimya, oili haifiki. Chomoa kijiti cha kupimia. Imepungua? Ina povu? Rangi yake ni kama chai ya maziwa? Hiyo ya maziwa ni maji yaliyoingia, na katika mahali pa ukungu, trekta linalolala nje bila banda, hilo si jambo la ajabu. Oili ya namna hiyo haiongezwi nyingine juu yake. Inamwagwa yote, na chujio linasafishwa au kubadilishwa. Chujio lililoziba limewauzia watu pampu nyingi.

Hapo milima nayo ina lake la kusema. Katika matrekta mengi madogo, oili ya haidroliki ni ile ile ya gia, nayo imo kwenye boksi moja refu chini ya dereva. Trekta likiwa tambarare na oili ikiwa pungufu kidogo, mambo yanakwenda. Lielekeze kwenye mteremko, oili yote inakimbilia upande mmoja, mdomo wa kunyonyea unabaki hewani, na pampu inanyonya upepo. Fyekeo linapanda kwa kwikwi au halipandi kabisa. Mwenye trekta analileta kwa fundi, penye sakafu ya saruji iliyosawazishwa, nalo linafanya kazi vizuri, anaonekana mzushi. Nilimweleza mzee jambo hili nililolisoma, nikidhani nitampa jipya. Akasema kwa mara ya kwanza akinitazama, "Ndiyo maana oili unapima kwenye tambarare, si hapo ulipoliacha."

Wa tatu ni fyekeo linalopanda vizuri halafu likizimwa injini linateremka lenyewe kidogo kidogo. Hizo ni sili za pistoni zimechoka, au valvu haifungi sawasawa. Haina haraka, ila inakukumbusha tena habari ya magogo. Na mkiona mpira wa haidroliki unavuja, msiutafute mvujo kwa kiganja wakati injini inawaka. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano inaweza kupenya ngozi na kuingia mwilini, na kidonda chake kwa nje kinaonekana kidogo, kumbe ndani mtu anahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Tumieni kipande cha boksi.

Mtauliza, nani alikifunga kile kifundo? Siku ya Jumatatu dereva wao alirudi kutoka likizo. Alikuwa amelileta trekta kutoka Soni kwa barabara, fyekeo likiwa juu, na akakifunga kwa makusudi ili lisishuke likikwaruza lami. Alifanya sawasawa kabisa. Asubuhi yake akapanda basi kwenda kwao, na hakuna aliyemuuliza neno wala yeye kusema, kwa sababu ilikuwa kazi yake peke yake tangu trekta lifike. Maandishi yaliyo pembeni ya kifundo yanaeleza kila kitu, kwa Kijapani.

Jamaa yangu alipiga simu kufuta habari ya pampu. Siku ile ile walipaka rangi nyekundu kwenye kifundo, na kwa brashi wakaandika: KULIA FUNGA, KUSHOTO FUNGUA. Kijana niliyemlaza chini ya visu nilimwomba radhi, akacheka, akasema hakuna neno mzee, jambo ambalo lilinitia aibu zaidi. Yale magogo ya mkaratusi yamebaki karibu na banda. Yamepigwa rangi nyekundu ile ile, na mpishi ameambiwa kwamba hata baridi ya Julai ikija, hayo si kuni.