Nyumba inavuja: tunamtuma nani juu?

Juma hili tunaweka kando kidogo mambo ya likelemba na feza za masomo ya watoto, tuzungumze juu ya paa za nyumba zetu na watu tunaowapandisha huko.

Hapa Bukavu kila mama anaujua ule usiku wa mvua ya kwanza ya Septemba. Unasikia tone kwenye kitanda cha watoto. Unasukuma kitanda, unatega sufuria, unarudi kulala nusu usingizi. Kukipambazuka unatafuta kijana wa kupanda. Hatuulizi kama anajua kazi. Tunauliza bei.

Mmoja wetu alipatwa na jambo katika asubuhi ya namna hiyo, na ametukubalia tulisimulie bila kutaja jina lake. Nyumba yake iko kwenye mteremko, kama nyumba nyingi za Kadutu na Bagira. Ukisimama mbele, kwenye mlango, mkono unakaribia kugusa manjanja. Ukizunguka nyuma, ukuta unashuka mpaka kwa jirani, na kutoka ukingo wa paa mpaka chini ni karibu mita 5. Asubuhi ile hakuna aliyezunguka nyuma kuangalia.

Kijana aliyeitwa ni mtoto wa jirani. Hakuwa fundi, alikuwa tu kijana mwenye nguvu asiyekataa kazi. Eshele yake ilikuwa miti miwili ya kalitusi iliyopigiliwa vipande vya mbao, ikaegemezwa juu ya tope. Miguuni alivaa kambambili. Manjanja yalikuwa bado na maji ya usiku. Mama alisimama chini akisema maneno tunayoyasema sisi sote: “Fanya mbio, mwanangu, mawingu yanarudi.” Kijana akapigilia msumari wa kwanza, akapigilia wa pili. Kabla ya wa tatu akakanyaga katikati ya bati, mahali pasipo mbao chini yake. Bati likakunjika, mguu ukateleza, akaangukia upande ule wa nyuma, juu ya mawe.

Hakufa. Mfupa wa paja ulivunjika vibaya. Majirani walimwinua kwa mikono na miguu, wakamweka juu ya pikipiki katikati ya watu wawili, na kila shimo la barabara alilia. Alikaa hospitalini miezi, kwanza kwa sababu ya mfupa, kisha kwa sababu ya deni. Tulichanga, familia yake ikauza ilichokuwa nacho, ndipo akatoka. Leo anatembea kwa fimbo. Zile feza alizoahidiwa kwa misumari zilikuwa za kununua unga wa siku mbili.

Mama yake alipofika siku ile, hakutukana mtu. Aliuliza swali moja tu: “Nani alimtuma juu?”

Swali hilo tulilibeba mpaka kwenye mkutano wetu wa siku ya posho. Wengine kati yetu walisema ni bahati mbaya, wengine wakasema kijana mwenyewe hakuwa mwangalifu. Lakini tulipohesabu mambo moja baada ya lingine, tope, kambambili, eshele, maji juu ya bati, haraka, tuliona kwamba karibu yote yalikuwa mikononi mwetu sisi tuliobaki chini. Kijana alichagua mahali pa kuweka mguu. Siku, saa, eshele na mbio, vyote vilichaguliwa na aliyemwita.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu 684,000 wanakufa duniani kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 yao ni wa nchi zenye mapato madogo na ya kati, kama yetu. Hesabu hiyo ina wazee wanaoteleza nyumbani, watoto, wajenzi, watu wa kila namna. Sisi tulio walimu tulipenda pia kufanya hesabu ndogo na wanafunzi wetu ubaoni. Mtu anayeanguka kutoka mita 3, urefu wa paa la kawaida, anafika chini kwa muda usiofika sekunde 1, na mwendo wake unakaribia kilomita 28 kwa saa. Kutoka mita 5 ni sekunde 1 na kama kilomita 36 kwa saa. Ni sawa na kugongwa na pikipiki inayokwenda mbio. Darasa lilinyamaza. Mtoto mmoja akauliza: “Basi hata mita 3 ni mbali?” Ndiyo, ni mbali. Wengi wanaoumia hawakuwa juu ya ghorofa; walikuwa juu ya nyumba ya kawaida, na ndiyo maana hawakuogopa.

Tuanze na eshele. Tunasema eshele kwa sababu tukisema ngazi, wenzetu wa Uvira na Fizi wanafikiri tunasema ngazi za mawese. Eshele isimame juu ya ardhi ngumu na kavu. Kama ni tope, liondoe, au weka ubao mpana chini na uhakikishe hautelezi. Usiisimamishe wima sana, wala usiilaze sana. Kipimo chepesi ni hiki: kama kichwa chake kinaegemea kwenye urefu wa mita 4, miguu yake iwe mita 1 kutoka ukutani. Ipite ukingo wa paa kwa mita 1 hivi, ili anayeshuka awe na mahali pa kushika. Kichwa chake kifungwe kwa kamba, na mtu mzima aishike miguu mpaka kitakapofungwa. Mara nyingi tunamwachia mtoto kazi ya kushika, na mtoto anapoitwa na wenzake anaondoka.

Anayepanda aikabili eshele, mikono ikiwa haina kitu. Nyundo na misumari vipande ndani ya mfuko au vivutwe baadaye kwa kamba. Na kila kipigo cha eshele kijaribiwe kwanza kwa mguu karibu na chini, maana mbao iliyolala nje miezi yote ya mvua inaoza ndani huku nje inaonekana nzima.

Juu ya manjanja, njia salama ni mstari wa misumari. Pale penye misumari pana mbao chini; katikati ya mistari hiyo hakuna kitu ila bati jembamba, na manjanja tunayonunua siku hizi ni membamba kweli. Fundi mzuri hakanyagi hata pale bila kitu. Analaza ubao mrefu wenye vipande vilivyopigiliwa kama vidato, na kichwa cha ubao huo kinakuwa na ndoano ya mbao inayoshika upande wa pili wa kilele cha paa. Ubao wa namna hiyo unatengenezwa kwa saa moja na unaweza kutumika miaka.

Juu ya kamba tulibishana sana. Wengine walisema mtu akifungwa kiunoni imetosha. Haitoshi. Kamba ya kiunoni ikimdaka mtu aliyekwisha kuanguka inaweza kumuumiza tumbo na mgongo vibaya. Mafundi wa shantie kubwa wana mikanda inayopita mabegani na mapajani, na hiyo ndiyo ya kudaka mtu. Sisi tusio na mikanda hiyo tunaweza kutumia kamba kwa kazi nyingine, kumzuia asifike ukingoni. Inafungwa upande wa pili wa nyumba, kwenye mti wenye mizizi au nguzo imara, ikapita juu ya kilele, na urefu wake unapimwa ili uishe kabla ya ukingo. Mahali inapogusa bati iwekewe gunia, kwa sababu bati linakata kamba kama kisu.

Tumewaona wapanda michikichi kule Uvira. Kila mara, kabla ya kuinua mguu wa kwanza, mtu anazungusha mkanda wake kwenye shina, anaegemea nyuma kwa uzito wake wote akiwa bado chini, na anaukagua kwa vidole. Anapanda miti mingi kwa siku na kwa kila mti anafanya vilevile. Hakuna anayemwita mwoga.

Kuna pia nyaya za umeme. Katika kartie zetu nyaya zinapita chini sana, nyingine zinalala karibu na paa. Bati refu linaloinuliwa na mtu mmoja likigusa waya, hata aliyeshika vizuri ataanguka, na pengine hataamka. Kama waya uko karibu, kazi isubiri mpaka mtu wa umeme aje.

Na chakula. Kijana anayeitwa saa kumi na mbili asubuhi mara nyingi hajala tangu jana. Mpeni chai na mkate kabla hajapanda, si baada ya kazi. Kasiksi isitangulie kazi hata kidogo, wala ile ya kumpa moyo. Tunajua wako wamama wanaoitoa kwa wema.

Tusisahau kwamba sisi wenyewe tunapanda. Kwenye shantie za mji huu wanawake ndio wanaobeba mchanga, mawe na maji, na ukuta ukifika juu, ndoo ya mchanganyiko inapandishwa kichwani, juu ya mbao mbili zilizolala kwenye miti iliyofungwa kwa kamba za plastiki. Tumemwona dada akipanda hivyo na mtoto mgongoni. Hatumcheki wala hatumlaumu. Nyumbani hakuna wa kumwachia. Lakini shantie yenye mama kumi inaweza kupanga mmoja akae chini na watoto wote, wakimgawia sehemu ya malipo. Na mbao za kupitia ziwe zimepigiliwa misumari, ziwe na mti wa kushikia kwenye urefu wa kiuno, na ndoo ivutwe kwa kamba na gurudumu. Kodi ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa mfanyakazi wake. Kuliomba jambo hilo kwa tajiri wa shantie si kiburi. Mkienda kumwomba, nendeni wengi.

Watoto nao wana paa zao: miti ya avoka. Kila mwaka wakati wa avoka tunapata darasani mkono mmoja au miwili ndani ya plasta. Mti wa avoka unadanganya, tawi lake linaonekana nene lakini linavunjika ghafla, tofauti na mpera ambao unapinda kwanza. Kumkataza mtoto peke yake hakusaidii, tulijaribu. Kilichosaidia ni mti mrefu wenye ndoano na kifuko cha gunia kichwani. Avoka linaanguka ndani bila kupasuka, na lisilopasuka linauzwa bei nzuri. Tangu watoto waone feza hiyo, wengi wao wameacha kupanda.

Kama mtu ameanguka, msimwinue mbio kama tulivyofanya sisi. Aachwe alivyolala, isipokuwa kama pale pana hatari nyingine, na mtu mmoja apige magoti ashike kichwa chake kwa mikono miwili ili shingo isizunguke. Asipewe maji wala chakula. Damu inayotoka izuiwe kwa kukandamiza kitambaa safi. Kama hakuna gari la wagonjwa, na mara nyingi hakuna, watu wanne au watano wamhamishe pamoja, mwili ukiwa umenyooka, juu ya mlango au ubao mpana, afungwe kwa vitenge, aende kwa gari, si kwa pikipiki. Na yule anayesimama mwenyewe akisema “si kitu” aangaliwe siku nzima na usiku. Akitapika, akisinzia kwa namna isiyo ya kawaida, akichanganya maneno, au kichwa kikizidi kumuuma, apelekwe hospitali saa ileile.

Mama yule wa kwanza bado yumo kati yetu, na anaenda kumwangalia kijana kila juma. Ni yeye aliyeleta wazo kwamba feza ya mzunguko mmoja wa likelemba yetu isigawiwe, inunue vitu. Tumekwisha kununua eshele moja ya mbao ngumu ya mita 5, kamba nene ya mita 30, na fundi mmoja ametutengenezea ubao wa vidato wenye ndoano. Vimewekwa kwa mweka hazina, ndani, mahali pakavu. Kila memba anaweza kuviazima bila kulipa, kwa masharti mawili: paa liwe limekauka, na mwenye nyumba awe amezunguka nyuma kuangalia urefu kabla ya kumwita mtu. Anayevirudisha aonyeshe kamba mkononi, tuikague pamoja.

Kwa sasa manjanja ya nyumba tatu yanasubiri zamu. Wanaohitaji juma lijalo waandikishe majina siku ya posho, mapema.