‘Jozi tofauti’ au ‘jozi tofautishi’? Kiswahili cha bodi ya saketi

Sentensi ifuatayo haina kosa la kisarufi, lakini ni tafsiri mbovu: “Njia za jozi tofauti ziwe na urefu sawa.” Msomaji wa Kiswahili ataielewa kwamba kwenye bodi ya saketi kuna jozi mbalimbali za njia za shaba, na kwamba jozi hizo zote hazina budi kulingana kwa urefu. Maelezo ya kiufundi yanayotafsiriwa kwa sentensi kama hiyo husema jambo jingine: ndani ya kila jozi moja mna njia mbili, na njia hizo mbili ndizo zinazopaswa kulingana. Anayeifuata tafsiri atahangaika kusawazisha kisichohitaji kusawazishwa, na huenda akakiacha kinachohitaji.

Chanzo cha kosa ni neno ‘tofauti’, ambalo lina kazi mbili. Ni nomino, kama katika ‘tofauti kati ya tano na tatu ni mbili’. Pia ni kivumishi kisichopokea kiambishi cha upatanisho, kama katika ‘vitabu tofauti’, yaani vitabu mbalimbali. Likikaa baada ya nomino nyingine, msomaji hulichukua kwa maana ya pili. Istilahi hii ya elektroniki inaitaka maana ya kwanza, ile ya hesabu ya kutoa.

Mfano wa kifaa chenyewe unapatikana katika kibanda cha fundi wa simu yeyote, tangu Kayanga na Omurushaka wilayani Karagwe hadi Murongo wilayani Kyerwa, mpakani na Uganda. Tundu la USB 2.0 la simu lina njia nne za msingi: ya umeme wa volti 5, ya ardhi, na mbili za data ambazo huandikwa D+ na D−. Mteja analeta simu inayopokea chaji vizuri, ila ikiunganishwa na kompyuta haitambuliwi. Umeme unapita, mara nyingi kilichoharibika ni njia za data.

Kwa mwendo wa juu wa USB 2.0, wa megabiti 480 kwa sekunde, njia moja ya data inapokuwa na milivolti 400, mwenzake huwa na 0. Biti ikigeuka, zinabadilishana. Kipokezi hakisomi njia moja peke yake, bali hutoa thamani ya moja katika thamani ya nyingine. Tuseme mawimbi ya redio au ya chaja iliyo jirani yanaingilia na kuongeza milivolti 50. Kwa kuwa njia hizo zimekaa bega kwa bega, zote mbili huongezewa takriban kiasi kilekile: 400 inakuwa 450, na 0 inakuwa 50. Tofauti inabaki 400. Uchafu umejifuta wenyewe kwa hesabu ya darasa la kwanza, na ndiyo sababu njia mbili hutumika mahali ambapo moja ingeonekana kutosha.

Kwa hiyo jozi yenyewe si ‘tofauti’. Njia zake zinafanana kwa upana, kwa urefu na kwa mazingira zinamopita. Kinachotofautiana ni umeme zinaoubeba. Neno linalofaa lionyeshe kazi ya jozi, wala si sifa ya umbo lake. Kiswahili kinayo njia ya kuunda neno hilo. Kutokana na ‘linganisha’ tumepata ‘isimu linganishi’. Kutokana na ‘shirikisha’, ‘mbinu shirikishi’. Kwa utaratibu huohuo ‘tofautisha’ inatupa ‘jozi tofautishi’. ‘Jozi kinzani’ inavutia masikio, lakini fizikia tayari inatumia ‘ukinzani’ kwa sifa ya kitu kupinga mkondo wa umeme, na mwanafunzi atadhani jozi hiyo ina ukinzani mkubwa. Mwalimu anayetaka kueleza kwa maneno mepesi aseme ‘njia pacha’. Pacha hutazamiwa kufika pamoja, na hilo ndilo sharti lenyewe.

Sharti hilo lina vipimo. Katika bodi ya kawaida ya nyuzi za kioo, ishara husafiri kiasi cha sentimita 15 kwa nanosekunde moja. Kwa megabiti 480, biti moja huchukua takriban nanosekunde 2, sawa na sentimita 30 za njia, hivyo kupishana kwa milimita chache si balaa. Kwa gigabiti 5 kwa sekunde, mwendo ulioletwa na USB 3.0 mwaka 2008, biti moja hutoshea katika sentimita 3 tu. Hapo pacha mmoja akizidi kwa milimita 3, amechelewa kwa sehemu moja ya kumi ya biti nzima. Ishara haiendi haraka zaidi kuliko mwanzo. Ni biti ndizo zilizofupishwa. (Neno ‘mwendokasi’ liepukwe hapa. Tangu mwaka 2016 msomaji wa Tanzania akilisikia huona mabasi ya Dar es Salaam.)

Sharti la pili ni impedansi, yaani namna njia inavyolipokea wimbi la umeme kwa kutegemea upana wake na umbali wake kutoka kwa mwenzake na kutoka kwa tabaka la ardhi. Kwa USB 2.0 jozi hutakiwa kuwa na omu 90. Njia ikipanuka au kutanuliwa ghafla, sehemu ya wimbi hurudi ilikotoka, kama sauti inavyorudi kutoka mlima wa pili. Kiswahili kina ‘mwangwi’, na hakuna haja ya kubuni neno jingine. Fundi anayeunga D+ na D− kwa nyaya mbili ndefu, kila moja ikizunguka upande wake, ameunganisha umeme vizuri na papo hapo ameivunja jozi.

Ubora wa ishara inayofika bila kuharibika umewahi kuitwa ‘uadilifu wa ishara’. Hiyo ni tafsiri ya kamusi, si ya maana: uadilifu ni wa hakimu na mhasibu. ‘Usalama’ unapeleka mawazo kwenye wizi wa data. ‘Ukamilifu’ unakaribia, ila ishara inaweza kufika kamili ikiwa imepindwa. Neno lililo bora ni ‘uzima’, kama mzigo unaofika ukiwa mzima. Lina kasoro moja, kwamba ‘ishara nzima’ humaanisha pia ishara yote. Basi isemwe ‘uzima wa ishara’. Wala ‘ishara’ isibadilishwe kuwa ‘mtandao’. Kando ya Mto Kagera wilayani Kyerwa, simu inaweza kunasa mtandao wa Rwanda au Uganda. Anayesema “mtandao umepotea” analalamikia huduma, si umbo la wimbi.

Limebaki neno ambalo Kyerwa yenyewe inalijua kuliko wengi. Wilaya hiyo, iliyokuwa sehemu ya Karagwe hadi mwaka 2012, ina machimbo ya bati yaliyoanza enzi za Waingereza. Bati hilo la mgodini ndiyo metali kuu ya lehemu inayoshika vipuri kwenye bodi. Mabati ya kuezekea ni kitu kingine: kwa kawaida ni chuma kilichopakwa zinki. Mtafsiri akiandika ‘lehemu ya bati’ bila maelezo, msomaji anaweza kufikiria paa. Aandike ‘metali ya bati’, au ‘stani’ katika matini ya kemia.

Mtego wa pili ni ‘risasi’. Lehemu ya zamani ilikuwa na asilimia 63 za bati na 37 za risasi, ikiyeyuka kwa nyuzi 183 za Selsiasi. Tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya uliwekea mipaka risasi katika vifaa vingi vya elektroniki, na lehemu nyingi za sasa, zenye bati, fedha na shaba, huyeyuka karibu na nyuzi 217. ‘Lehemu isiyo na risasi’ ni sahihi, hata kama mwanafunzi atacheka mara ya kwanza. ‘Metali ya risasi’ itamtuliza.

Sentensi ya mwanzo basi iandikwe hivi: “Ndani ya kila jozi tofautishi, njia zote mbili ziwe na urefu sawa.”